Jicho Langu la Kushoto

Bwana Yesu asifiwe. Hivyo ndivyo nilivyoanza Jumapili ile niliposimama mbele ya ushirika wetu, khanga nimeishusha upande wa kushoto hadi karibu na pua. Waliokuwamo kanisani hawakufika mia mbili, na uvumi niliotaka kuuzima ulikuwa umeshafika Kaliua. Ndiyo maana leo naandika.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha sayansi katika shule za msingi za hapa Urambo kwa miaka 36, nikastaafu mwaka 2021 nikiwa na miaka 60. Watoto niliowafundisha sehemu za ua, mzunguko wa damu na namna mbu anavyobeba malaria, leo ni wakulima, madereva, mafundi cherehani na wauguzi. Wananiita Mwalimu mpaka sasa. Jina hilo liliniumiza kuliko jicho lenyewe, na nitaeleza kwa nini.

Baba yangu alikuja Urambo mwaka 1948, kijana wa kuendesha trekta katika mpango wa karanga wa Waingereza. Kwao mafuta ya kula yalikuwa adimu baada ya vita, wakaona Kongwa, Nachingwea na Urambo ndiko yatakakotoka. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na kwenye ardhi iliyokwisha kufyekwa ikaingia tumbaku. Mimi nimezaliwa ndani ya tumbaku. Asiyeijua kazi hii aelewe kwamba yetu ni ile ya mvuke: majani yanatundikwa kwenye fito ndani ya bani, moto wa kuni unawashwa chini, joto linapita ndani kwa mabomba, na kwa karibu wiki nzima moto huo haupaswi kuzimika wala kuzidi. Anayekesha na moto mara nyingi ni mama. Na mchana anayeinama juani kupalilia na kuvuna jani moja moja kuanzia chini, mara nyingi ni mama huyo huyo. Mama yangu alikuwa na makunyanzi uso mzima kabla hajatimiza miaka hamsini. Mimi nilichelewa kidogo kwa sababu nilishinda darasani, lakini jioni na likizo nilikuwa shambani kama wenzangu, na jua halijui mwalimu wala mkulima.

Jirani yangu ni mjane ninayemwita Bibi, ingawa hatuna udugu wa damu. Hajui mwaka aliozaliwa. Anachokumbuka ni kwamba Wazungu wa karanga walipokuwa wakiondoka yeye alikuwa ameshaanza kubeba maji kichwani. Mashavuni ana chale, safu za alama ndogo zinazoshuka kutoka mwisho wa nyusi hadi kwenye taya. Mwingereza Richard Burton alipopita Tabora na msafara mwaka 1857 akielekea Ziwa Tanganyika, aliziandika alama kama hizo kwenye nyuso za Wanyamwezi. Siku hizi ukitafuta uso wenye chale hizo utazunguka sana. Macho ya Bibi ni mekundu. Yanatoa machozi asubuhi hadi jioni, na pindo la khanga yake halikauki kwa kuyapangusa.

Mwezi wa nne mwaka 2023 tulikuwa tumekaa mimi na yeye tunachambua tumbaku, jua la saa kumi likinipiga usoni. Akaniangalia kwa muda mrefu, akasema, "Mwalimu, mwanangu, sasa umeanza kufanana na mimi."

Alisema kwa upendo. Alikuwa na maana kwamba tumezeeka pamoja. Nilicheka, na kesho yake nikawasimulia wenzangu bombani, na keshokutwa kwenye kikoba, nikiiga sauti yake. Wote wakacheka. Usiku, peke yangu, sikucheka.

Msomaji wa mbali atadhani nilikuwa nalilia urembo. Urembo ulikuwamo, sitauficha, lakini mwanamke wa huku anapohesabu makunyanzi yake anahesabu kitu kingine pia. Mwaka 1987, mwalimu kijana, nilipangiwa shule ya kijijini. Jumatatu moja mwanafunzi wangu wa darasa la nne hakuja. Wala Jumanne. Bibi yake alikuwa ameuawa kwa panga usiku, mlangoni kwake. Nilipouliza kosa lake, watu wazima walinijibu kwa sauti ya kawaida kabisa: macho yake yalikuwa mekundu. Hicho hakikuwa kisa cha pekee. Mwanaanthropolojia Simeon Mesaki ameandika hesabu za miaka ya 1970 hadi 1984: Tanzania Bara waliuawa watu 3,693 kwa kushukiwa uchawi, na 2,286 kati yao walikuwa wanawake. Sehemu kubwa ya damu hiyo ilimwagika kwa majirani zetu wa Usukumani. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928, na haikuzuia. Basi mwanamke anapoambiwa amefanana na kikongwe mwenye macho mekundu, hata akiambiwa kwa upendo, kuna mahali ndani yake panasinyaa. Mimi palisinyaa. Nilifundisha sayansi miaka 36 na bado palisinyaa.

Mwezi wa sita nilikwenda Dar es Salaam kwenye sendoff ya mpwa wangu. Picha zilipoanza kurushwa kwenye simu, nikauona uso wangu umezungukwa na nyuso za wanawake wa mjini wa umri wangu. Mmoja wao, laini kama yai, akaninong'oneza siri yake. Kesho yake nilikuwa kwenye chumba cha nyuma cha saluni. Sitaitaja saluni hiyo wala aliyenichoma, maana miguu iliyonifikisha pale ni yangu. Nitasema tu nilichokiona na nikakinyamazia. Kichupa kilitoka kwenye mkoba wa mkononi, katika joto la Dar es Salaam. Karatasi yake ilikuwa na maandishi nisiyoweza kuyasoma. Hakuniuliza kama nina ugonjwa wa misuli, wala natumia dawa gani. Hakuandika jina langu popote. Mimi ambaye niliwafundisha watoto kusoma tarehe ya mwisho kwenye pakiti ya dawa ya minyoo, nilifumba macho na kutoa shilingi laki tatu na nusu za mafao yangu. Nilichomwa sindano sita, katikati ya nyusi na juu yake. Niliumia kidogo tu, kama kung'atwa na siafu.

Nilipanda treni ya Kigoma siku ya pili. Reli hii inafuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara ya zamani, Wajerumani wakaifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma miaka miwili baadaye. Nilipokuwa msichana nilipenda kufikiri kwamba nalala juu ya nyayo za wapagazi. Safari hii nililala kifudifudi, upande wa kushoto wa uso umebanwa kwenye kiganja, na kila nilipoamka nilijipaka mafuta na kujikanda paji la uso kwa nguvu ili dawa iingie vizuri.

Siku ya tano, nikiwa nyumbani, nilijitazama kwenye kioo nikaona mistari ya katikati ya nyusi imelala. Nilifurahi. Nilivaa gauni jipya nikaenda sokoni bila shughuli yoyote. Siku ya saba ukope wa juu wa jicho la kushoto ukaanza kuwa mzito. Siku ya tisa ulikuwa umefunika nusu ya mboni, na nilipotaka kuona mbele ilinibidi niinue kichwa kama mtu anayetazama ndege. Uso wangu ukawa hauendi na maneno yangu. Mjukuu wangu wa miaka mitatu alivunja kikombe, nikamfokea, akabaki ananitazama bila kuelewa, kwa sababu paji la uso lilikuwa limetulia tuli. Kisha akalia na kumkimbilia mama yake.

Nilikwenda hospitali. Daktari kijana, mpole, alinipima shinikizo la damu, akaniambia nicheke, ninyanyue mikono, nitoe ulimi. Alihofia kiharusi. Halafu akauliza swali lililostahili kuulizwa: "Mama, umechomwa sindano yoyote usoni hivi karibuni?" Nilisema hapana. Alirudia, kwa heshima, macho yake yakiwa kwenye karatasi ili asiniaibishe. Nikasema hapana mara ya pili. Akaandika rufaa ya kwenda Tabora kwa daktari wa macho, nikaikunja nikaiweka kwenye Biblia. Sikuenda.

Niwaombe mnaosoma msiupite haraka uongo huo, kwa kuwa kila kilichofuata kilitoka humo. Jicho la Mwalimu limeanguka na hospitali haijui sababu. Hapa kwetu sentensi hiyo haikai wiki moja bila kutafutiwa mwenyewe.

Ilianzia jikoni kwangu. Wifi yangu alikuja kunipikia, akauliza kama kuna mtu nimegombana naye. Nikasema hapana. Akauliza kama kuna mtu aliyewahi kunitamkia neno. Nilinyamaza, na katika kunyamaza kule yeye mwenyewe akakumbuka, maana alikuwapo kwenye kikoba nilipoiga sauti: umeanza kufanana na mimi. Nilimwona akishika mdomo. Siku tatu baadaye shemeji yangu alikwenda kwa mganga kata ya jirani. Serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi Januari 2015, lakini anayetaka kupigiwa ramli anajua njia za usiku. Mganga akasema ni mwanamke, ni jirani, na ameutamani uso wangu. Hakutaja jina. Hawatajagi jina. Wanaacha nafasi, na nafasi ile ina umbo la mtu mmoja tu.

Usiku uliofuata jiwe lilianguka kwenye bati la Bibi na kulitoboa.

Asubuhi alikuja kwangu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, akakaa kwenye kigoda karibu na mafiga. Alipangusa macho. Akasema, "Mwalimu, wanasema nimekula jicho lako."

Nikamwambia, "Hapana, Bibi."

Akakaa kimya, halafu akauliza neno ambalo nikilikumbuka hadi leo mikono inanitetemeka: "Wewe umesoma. Mtu anaweza kufanya kitu hicho bila kujua? Usiku, akiwa amelala? Kama nilikifanya, niambie nikuombe radhi."

Mwanamke wa miaka karibu themanini, aliyenisaidia kulea watoto wangu nilipokuwa kwenye semina za ualimu, alikuwa ameanza kujishuku mwenyewe. Na mimi niliyekuwa na jibu lote, hadi bei yake, nilimwambia tu hapana, mtu hawezi, nikampa uji. Sikumwambia la sindano. Nilimwacha aondoke nalo. Kwa siku tatu zaidi nilihesabu aibu yangu upande mmoja na shingo yake upande wa pili, kana kwamba vitu hivyo vinapimwa kwenye mzani mmoja.

Jumamosi jioni shemeji alisimama mlangoni akasema, "Shemeji, wewe pumzika. Jambo hili tutalimaliza wenyewe." Nyuma yake kulikuwa na vijana wanne. Wawili niliwafundisha mimi.

Ndipo niliposimama kanisani. Nilisema: Bwana Yesu asifiwe. Nilisema jicho langu halikuliwa na mtu. Nilikwenda Dar es Salaam nikachomwa sindano usoni kwa hiari yangu, kwa fedha yangu, nikaja nikamdanganya daktari, nikamdanganya wifi yangu kwa kunyamaza, na dhambi ya uongo huo nimeiacha mlangoni kwa Bibi asiye na kosa. Mama mmoja mzee wa kanisa akauliza kwa sauti, "Sindano ya nini, Mwalimu?" Nikasema, "Ya makunyanzi." Hakuna aliyecheka. Kulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia kuku nje wakiparua. Kisha nikaivuta khanga nyuma ili walione.

Ibada ilipokwisha niliwaomba wazee wa kanisa wanisindikize, tukaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji nikarudia, tukaenda kwa shemeji nikarudia, mwisho kwa Bibi. Kwake niliinama nikashika magoti yake. Alisikiliza hadi nikamaliza. Aliligusa shavu lake penye chale, akasema, "Mimi nilichanjwa mchana, watu wanaona, na shangazi yangu ndiye aliyechanja. Wewe kwa nini ulijificha?"

Sikuwa na jibu, na bado nalitafuta. Uso wa mtu wa huku umeguswa kwa chuma tangu enzi za misafara, na meno ya mbele yakachongwa, na hakuna aliyeogopa, kwa kuwa kila mmoja alijua nani amefanya, lini na kwa nini. Hatari ya sindano yangu ilianzia kwenye mkono wa aliyenichoma, ikakomazwa na siri.

Jumatatu nilitoa ile rufaa kwenye Biblia nikaenda Tabora, kilomita 90 hivi, nikamwambia daktari wa macho ukweli wote. Naye alinichorea kwenye karatasi kitu ambacho mwalimu wa sayansi alipaswa kukiuliza kabla hajakaa kwenye kile kiti.

Niliporudi nilikuta ukweli wangu umeshapata mpinzani. Watu walikubali kwamba nilichomwa sindano. Lakini waliuliza: mbona macho ni mawili na limeanguka moja? Nani alilichagua la kushoto? Ni swali la akili, na sikulidharau. Nilimwomba mwenyekiti atuitie watu chini ya mwembe, nikabeba ubao wa zamani na chaki, nikafundisha kipindi kimoja ambacho hakikuwa kwenye mtaala.

Niliwaeleza kwamba kilichomo katika sindano hizo, ambazo watu wengi huziita Botox kwa jina la bidhaa ya kampuni moja, ni sumu. Bakteria anayeitwa Clostridium botulinum huitengeneza mahali pasipo hewa, kama ndani ya nyama iliyohifadhiwa vibaya. Daktari Mjerumani Justinus Kerner ndiye aliyewaeleza kwa makini, katika miaka ya 1820, watu waliokula soseji mbovu wakaanza kuanguka kope, kushindwa kumeza, mwishowe kushindwa kupumua. Mwaka 1895, kijijini Ellezelles huko Ubelgiji, wapiga muziki wa msibani walikula nyama ya nguruwe iliyohifadhiwa kwa chumvi wakaugua hivyo hivyo, na Emile van Ermengem akampata bakteria mwenyewe. Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani akasema, "Mwalimu, kope kuanguka ndiyo dalili ya kwanza?" Nikamwambia ndiyo, mara nyingi kope ni miongoni mwa vya kwanza.

Nikachora neva na msuli. Ili msuli ukaze, neva humwaga kemikali kidogo kwenye mwisho wake, kama mtu anayegonga mlango. Sumu hii inaingia katika ncha ya neva na kuizuia isigonge. Msuli haufi, haukatwi, unakaa tu bila kupata habari. Ukipewa kipimo kidogo sana katikati ya nyusi, msuli unaokunja uso unatulia na ngozi iliyo juu yake inanyooka. Kwa kawaida mtu huona tofauti baada ya siku chache, ikakamilika ndani ya wiki mbili, na ikadumu miezi mitatu au minne, hadi neva irudie kazi yake. Jirani kabisa na hapo, juu ya jicho, kuna msuli mwingine mdogo ambao kazi yake ni moja, kuinua ukope. Sindano ikichomwa chini mno, au dawa ikiwa nyingi, au mtu akijikanda na kuisukuma, sumu inateremka hadi kwa msuli ule.

Nikamaliza: aliyelichagua la kushoto ni mkono ulionichoma chini zaidi upande huo, na kiganja changu nilichokilalia kwenye treni. Nikawaonyesha kwa kulala kifudifudi juu ya meza. Kipindi kikaishia hapo. Shemeji yangu alikuwa amesimama nyuma, karibu na baiskeli yake. Hakuniomba radhi mimi, wala hakumwomba Bibi. Ila siku mbili baadaye alikwenda kwa Bibi na bati jipya, akalibandua lililotobolewa, akapigilia la kwake, akaondoka bila kunywa chai.

Jicho lilianza kufunguka wiki ya saba. Wiki ya kumi na moja lilikuwa sawa na mwenzake. Mwezi wa kumi na moja mistari ya katikati ya nyusi ilirudi ilipokuwa, na mjukuu wangu akaanza tena kujua ninapokasirika.

Sitaki ushuhuda huu usomeke kama laana juu ya dawa. Daktari Alan Scott wa San Francisco aliifanyia kazi sumu hii ili kunyoosha macho yenye makengeza bila kisu, na mwaka 1989 Marekani iliruhusu itumike kwa makengeza na kwa kope zinazojifumba bila mwenyewe kutaka. Huko Vancouver, Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, waligundua kwamba wagonjwa wa kope walikuwa wakinyooka pia makunyanzi ya katikati ya nyusi, na wakaandika habari hiyo mwaka 1992. Ruhusa ya Marekani kwa makunyanzi ya kati ya nyusi ilifuata mwaka 2002. Leo inawasaidia watoto ambao misuli yao imekakamaa kwa mtindio wa ubongo, na watu wenye kipandauso sugu. Na mwanamke anayetaka kunyoosha uso wake, mimi si hakimu wake. Siku hizi hata hospitali ya umma, Mloganzila, inatoa huduma za upasuaji wa urembo, na madaktari wanazieleza hadharani. Hilo nalipenda, kwa sababu kinachofanyika hadharani kina jina, kina faili, na kina mtu wa kuulizwa.

Ninachokipinga kwa moyo wote ni kichupa cha mkobani. Dawa hii hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Inapimwa kwa vipimo vidogo mno. Kati ya nyusi kipimo cha kawaida cha Botox ni uniti 20, zikigawanywa sehemu tano. Mjamzito haipaswi kumgusa, wala mtu mwenye ugonjwa wa kuchoka kwa misuli. Mwaka 2004 huko Florida watu wanne walichomwa sumu ghafi ya maabara badala ya dawa, wakapooza mwili na kuishia kwenye mashine za kupumulia. Hao walikuwa Marekani, karibu na hospitali kubwa. Mimi nilikuwa kwenye behewa kati ya Manyoni na Tabora, usiku. Ukope wangu ndio uliolegea, na namshukuru Mungu haikuwa koo.

Niliporudi Tabora kuangaliwa jicho mara ya mwisho, nilimchukua Bibi. Hakuwahi kupelekwa kwa daktari wa macho maisha yake yote. Daktari aliugeuza ukope wake wa juu kwa kidole kimoja, akaniita nione. Nywele za kope zilikuwa zimegeukia ndani, zinakwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa. Ni trakoma, ambayo wengi tunaiita vikope. Bakteria huambukiza macho ya mtoto mara nyingi, kwa mikono, vitambaa na nzi, ukope unapata makovu kwa ndani, na miaka mingi baadaye makovu yanavuta na kuukunja. Wanawake wanaugua zaidi, kwa kuwa wao ndio wanaoshinda na watoto wadogo. Shirika la Afya Duniani linasema hupofushwa nayo hadi mara nne zaidi ya wanaume. Moshi wa mabani na wa mafiga ulizidisha maumivu juu ya kidonda kilichokuwapo. Yale macho mekundu yaliyotaka kumuua yalikuwa yanalia kwa sababu ya nywele.

Nilisimama pale nikamkumbuka yule bibi wa mwaka 1987. Mwanafunzi wangu alikuwa amekaa dawati la pili, mbele yangu, kwa miezi sita. Ningeweza kumuuliza bibi yake anaumwa nini macho. Sikuuliza.

Bibi alifanyiwa upasuaji mdogo wa jicho la kulia, kwa ganzi, tukarudi Urambo siku ya pili. La kushoto lilifanyiwa baadaye, baada ya mavuno. Sasa anachambua tumbaku bila kupangusa uso, na chale zake zinaonekana vizuri zaidi.

Kama habari ya jicho langu ilikufikia ukiwa Kaliua, Ulyankulu, Tabora au popote, ukaambiwa kwamba Mwalimu wa Urambo alilogwa na jirani yake, nakuomba umtafute aliyekuambia. Mwambie umesoma maneno ya Mwalimu mwenyewe. Mwambie ilikuwa sindano, na niliilipia mimi.